Sungura kwa Kinyambo

Nianze na hili ili tuelewane. Nyumbani kwangu Ihanda hatujawahi kula akame. Akame ni yule wa porini, anayeingia shambani na kutafuna maharage yakiwa bado machanga, yule ambaye bibi zetu walitusimulia ujanja wake jioni tukimenya ndizi. Ukimwona unamrushia jiwe. Sungura ni mwingine. Sungura alifika kwangu juu ya bodaboda, ndani ya boksi la sabuni, na alikuja na jina lake la Kiswahili. Hakuna mtu hapa kwetu aliyewahi kumwita akame, wala haikutupitia akilini.

Nasema haya kwa sababu wapo watu wanaotangaza kwamba mimi Restuta, mke wa Yustus, niliwalisha wakwe muziro wao. Wanasema huku nasikia. Wengine kati yao wamekula kwangu.

Asiyejua mambo ya huku aambiwe: kila ukoo una muziro wake, yaani kile ambacho watu wa ukoo huo hawali tangu enzi za mababu. Wa ukoo wa mume wangu ni kamongo, yule samaki wa matopeni. Haujawahi kutusumbua, kwani kamongo hajawahi kupanda mlima kuja Ihanda.

Aliyeleta sungura ni binti yangu Vero, anayefundisha chekechea ya usharika. Baba yake alikuwa ametoka kuugua, amekonda, na nyama ya ng'ombe kwetu ilikuwa habari ya Krismasi. Vero akasikia kanisani kwamba sungura anazaa haraka, anakula majani, na nyama yake ni nyepesi kwa mgonjwa. Akaleta majike mawili na dume. Yustus, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ameshika nyundo, aliinuka akajenga banda la mabanzi, likasimama juu ya miguu, sakafu yake ya fito zilizoachana kidogo ili uchafu udondoke chini. Mkojo tuliukinga kwenye dumu na kuumwagia migomba. Mimi kazi yangu ilikuwa majani: marando ya viazi, kishona nguo, maganda ya ndizi, yote nayaanika kwanza yanyauke, maana majani yenye umande yanamvimbisha sungura tumbo na asubuhi unamkuta amelala ubavu. Yustus akapona. Sitasema ni sungura waliomponya, lakini simruhusu mtu aseme si wao.

Nilijikuta nawapenda, jambo la kijinga kwa mtu anayewachinja. Jike akikaribia kuzaa hujinyonyoa manyoya ya tumbo lake mwenyewe na kuwatandikia watoto. Mara ya kwanza nilipoona hilo nilimwita Yustus aje aone, tukasimama pale wawili mpaka akamaliza.

Sasa Arinaitwe. Huyo alikuja kwa njia ya maziwa. Kwao ni Kimuli, wilaya ya Kyerwa, watu wa ng'ombe, na yeye alikuwa akibeba maziwa kwa pikipiki kupeleka kwenye hoteli za Kayanga. Siku moja mvua ikamkamata mbele ya uzio wetu, Vero akamkaribisha, nami nikampa kilichokuwepo. Alikula akalamba vidole. Alipouliza ni nyama gani nikamwambia ni sungura, akaomba kuwaona. Akasimama mbele ya banda, akacheka.

"Mama, sisi muziro wetu ni akame," alisema. "Lakini huyu si akame. Mtazame, huyu ni mtu wa mjini!"

Tangu hapo hakupita Ihanda bila kuingia kwangu. Alipenda mgongo. Nikiwa nimepika, namwekea mgongo. Alinikatia majani, alimsaidia Yustus kuziba banda kicheche alipolitoboa, na alianza kuniita mama kabla sijamruhusu. Mimi nilizaa binti mmoja tu. Nilimpenda yule kijana kama aliyetoka tumboni mwangu. Naomba hilo lieleweke, maana bila hilo haya mengine yote ni kelele za mwanamke asiye na kazi.

Vero alimpenda zaidi. Alikuwa amewakataa wengine kwa ajili yake, na umri wake ulishaanza kuulizwa na watu usiowahusu. Kwa hiyo Arinaitwe alipotuma mshenga, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Mshenga alikuwa Cleophace, mchuuzi wa ng'ombe, mtu anayejulikana huku na kule. Alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Aliuliza ukoo wetu, aliuliza muziro wetu, akatuambia na wa kwao.

"Muziro wao ni akame," alisema.

"Hilo halina shida," nilimjibu. "Akame hapa tunamfukuza tu."

Nilijibu hivyo nimekumbatia rundo la marando, nakwenda kuwalisha sungura. Cleophace akanifungulia mlango wa banda. Hakuna kati yetu aliyecheka, kwa sababu hatukuona cha kuchekesha.

Wageni walipopangiwa siku ya kuja, mimi nilitaka kuchinja mbuzi. Arinaitwe ndiye aliyenikataza. Alikaa pale pale jikoni, kwenye kigoda chake, akaniambia, "Mbuzi wa nini, mama? Wazee wetu wamekula ng'ombe tangu wazaliwe, na mbuzi wanamdharau. Wapikie sungura, vile vile unavyonipikia mimi. Wakionja watasahau hata kubishana."

Nikafanya alivyosema mwanangu.

Walikuja wakiongozwa na Leonadi, baba mkubwa wa Arinaitwe, aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Ng'ombe wote wa ukoo huo wanapitia mkononi mwake, na kijana haoi bila yeye kutamka. Mzee mrefu, kofia, fimbo, anaitazama migomba yetu kama mtu anayetafuta mahali pa kufunga ng'ombe na kupakosa. Alikuja pia shangazi, Kemigisha, mwenye kanga juu ya kanga. Tuliwapa kahawa ya kutafuna, tukawapa maji ya kunawa, tukawaandalia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa.

Niliwapikia ndizi zikalainika, na sungura nikawakaanga kwanza, kisha nikawaunga kwa karanga. Sijawahi kupika vizuri kama siku ile. Vero alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na gauni alilolishona yeye mwenyewe, akisubiri kuitwa aje kuwaamkia wakwe zake.

Walikula. Yeyote anayesema hawakula, aje aniulize mimi niliyekuwa naongeza mchuzi. Leonadi alivunja mifupa kwa meno.

"Kuku huyu mlimlisha nini?" aliuliza.

"Kuku wa Ihanda huyo, mzee," Cleophace akadakia. "Ana miguu minne!"

Wakacheka wote, na Leonadi alicheka kuliko wote, mkono ukirudi kwenye bakuli. Nilimwona Arinaitwe akicheka pia. Alinikonyeza.

Baadaye mzee akaomba kuonyeshwa choo. Njia ya choo kwetu inapita kando ya banda. Aliporudi hakukaa.

"Mzee Yustus, wale kule kwenye kibanda ni nini?"

Mume wangu alijibu kwa fahari ya mtu aliyejenga kwa mikono yake. "Sungura wangu, mzee. Ndio hao tuliowapikia."

Kisha Kemigisha akainuka, akaenda nyuma ya mibuni, na akatapika kwa sauti kubwa kuliko tumbo lake lilivyohitaji.

"Mmetulisha akame," alisema Leonadi.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Najua mama wa binti hatakiwi kusema siku kama ile, lakini nilisema. "Hapana, baba. Akame ni wa porini. Hawa ni sungura."

Akanigeukia polepole. "Sungura kwa Kinyambo ni nani?"

Nilifungua mdomo. Nilimtazama Yustus, Yustus akamtazama Cleophace. Sote watatu tumezaliwa na Kinyambo, tumenyonya nacho, na hakuna aliyekuwa na neno jingine la kumpa yule mzee. Tulikuwa na wanyama wawili na majina mawili, kumbe jina moja lilikuwa tafsiri ya lingine. Sikuwahi kuliona hilo mpaka siku ile, mbele ya wakwe.

"Ni sungura wa Kizungu, mzee," Cleophace alijaribu.

"Hata mimi nina ng'ombe wa Kizungu. Akija kwa ndege anakuwa mbuzi?"

Lakini sikuogopa bado. Wazee hukasirika, wazee hutulizwa. Zipo njia, kuna kuomba radhi, kuna dawa za kuosha mambo hayo, na aliyekosea bila kujua hahukumiwi kama mchawi. Na alikuwepo mtu wa kututetea.

Leonadi akamgeukia. "Arinaitwe. Wewe unaingia katika nyumba hii. Ulijua kwamba hawa watu wanafuga akame?"

Nilimtazama Arinaitwe nikitabasamu. Naapa, nilitabasamu. Nilijua shauri limekwisha, kwa kuwa aliyeulizwa ni mtoto wangu. Mbele yake kulikuwa na sahani yenye mifupa ya mgongo, imefyonzwa mpaka ikang'aa.

"Sikujua, baba," alisema. "Ndio kwanza naona leo."

Niliona pazia la chumbani likitikisika kidogo, kisha likatulia.

Leonadi hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba watu wanaofuga vitu vya kufanana na panya na kuwapa wageni hawawezi kulea watoto wa watu wa ng'ombe, akachukua fimbo yake. Wakatoka. Arinaitwe alitoka wa mwisho, kichwa chini, na hakuniaga. Gauni la Vero hakuna mtu wa kwao aliyeliona. Hakuitwa.

Habari ikazunguka Ihanda kabla ndizi hazijapoa. Mimi nikawa Mama Panya. Cleophace, ili kuokoa jina lake la ushenga, alipita akisema alituonya tukakaidi. Nilimfuata mpaka dukani nikamuuliza mbele ya watu alituonya lini, akatazama dari. Kule chekechea watoto walijifunza kuweka viganja kichwani vikawa masikio, mwalimu Vero akipita. Watoto hawana kosa, wanabeba wanachotwishwa nyumbani.

Yustus alitaka kuwauza sungura wote. Alisema hawezi tena kupita karibu na banda lile bila kusikia sauti ya yule mzee. Nami nilikuwa tayari. Ni Vero aliyekataa.

"Wao wamekosa nini?" alituuliza, akachukua majani akaenda kuwalisha.

Kuna kitu mfugaji wa sungura hujifunza kwa machungu. Jike akishtuliwa siku za kuzaa, mbwa akibweka karibu au mtu asiyemjua akiingiza mkono, hula watoto wake. Unamkuta asubuhi ametulia, anasafisha masharubu. Niliwaza hayo mara nyingi siku zile. Ukoo mzima ulishtuka kidogo tu, ukamla mtoto wangu, ukajifuta mdomo.

Lakini kilichoniuma zaidi si Leonadi. Huyo alikuwa mgeni, na alisema anachokiamini. Kilichoniuma ni kwamba Vero alikuwa bado anasubiri. Simu yake aliiweka dirishani, mahali pekee panaposhika mtandao, na kila alipopita aliigeuza. Mwanamke anayesubiri anajulikana hata kwa namna anavyofagia.

Wanasema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Ilikuwa siku ya gulio, mchana, jua limesimama. Mimi na Vero tulikuwa jikoni, na chungu kilikuwa motoni, kwani tulishaacha kujali nani anasikia harufu gani. Mara mlango wa nyuma ukafunikwa na kivuli. Arinaitwe. Pikipiki ameiacha kanisani, amepenya kwenye mibuni kama anayekuja kuiba, mkononi ana chupa ya maziwa.

"Shikamoo, mama."

Sikumwitikia. Kumnyima mtu marahaba si jambo dogo kwetu, naye alilijua, lakini aliingia akakaa kwenye kigoda kile kile.

Alizungumza akitazama moto. Alisema wazee walimnywesha dawa za kuosha muziro. Alisema angekubali kwamba anajua, Leonadi angemnyima ng'ombe, na bila ng'ombe yeye ni nani? Alisema wamemtafutia msichana wa kule kule Kimuli, hajakataa wala hajakubali. "Lakini moyo wangu uko hapa, Vero. Mambo yakitulia nitakupangishia chumba Kayanga. Nitakuwa napita kila nikileta maziwa. Hakuna atakayejua."

Vero alikuwa anakoroga chungu. Hakuacha kukoroga.

Nami nilikuwa nautafuta mwiko mkubwa. Nilikuwa nimeamua kumpiga nao, nayasema wazi, sina aibu. Ndipo yule kijana akavuta pumzi, akameza mate.

"Nimeikumbuka harufu hii, mama," alisema. "Nipe kidogo tu. Hapa hapa jikoni, nile haraka niondoke."

Vero akainua kichwa. Akachukua sahani nzuri, ile ya wageni, akaweka ndizi, akaweka mgongo, akamwagia mchuzi. Arinaitwe akanyoosha mikono miwili kupokea. Vero akampita. Alikwapua kigoda kingine kwa mkono wa kushoto, akatoka kwa mlango wa mbele, akavuka uwanja mpaka kwenye uzio, pale barabara ya gulio inapopita. Akakiweka kigoda nje ya uzio kabisa, na sahani juu yake.

"Njoo ule," alimwita.

Barabara ilikuwa imejaa. Baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, kina mama na mabeseni, wachungaji wawili wakiswaga fahali. Arinaitwe alisimama mlangoni.

"Ukila hapa," Vero alisema, na sauti yake haikutetemeka, "naondoka na wewe leo hii. Bila mahari, bila mshenga, na gauni hili hili la jikoni."

Nikajikuta naomba ale. Mimi niliyekuwa natafuta mwiko! Nilisimama nyuma ya Arinaitwe nikimwomba Mungu kijana yule avuke uwanja, si mbali, ng'ombe mmoja angeweza kulala kati ya mlango na uzio akaziba njia yote. Kula, mwanangu. Ni kipande kimoja tu, ulishakila mara ngapi.

Alitoka. Alitembea hadi pembe ya nyumba, kivuli kinapoishia, akasimama.

"Vero, wale wachungaji wananifahamu. Subiri wapite."

"Wakipita hao watakuja wengine. Leo ni gulio."

Akatazama barabara, akatazama sahani. Naikumbuka midomo yake, alikuwa na njaa kweli.

"Basi niletee hapa," alisema.

"Muziro ndio unaoliwa mafichoni, Arinaitwe," Vero alisema. "Mimi si muziro wa mtu."

Arinaitwe akaondoka kupitia mibuni, kama alivyokuja. Aliacha maziwa yake jikoni. Niliyamwaga, na mimi si mtu wa kumwaga maziwa.

Nilipotoka tena, Vero alikuwa amekaa kwenye kigoda, barabarani, sahani mapajani, anakula. Alikuwa analia na anakula. Hakujifuta machozi, aliyaacha yadondokee kwenye mchuzi, akaendelea kutafuna. Nikaenda nikakaa chini kando yake, kwenye vumbi, na nguo zangu za jikoni. Sikuwa na neno la kumwambia, kwa Kiswahili wala kwa Kinyambo. Watu walipita wakitusalimu, tukawaitikia.

Akapita jirani yetu Joviana, kikapu kichwani, mmoja wa wale waliotuimba sana. Akapunguza mwendo.

"Ninyi nanyi, mnakula nini barabarani?"

Vero akameza kwanza.

"Akame," alisema.

Joviana alisimama akatutazama, kisha akaenda zake bila kuaga. Vero akaukata ule mgongo katikati, akanipa kipande. Nikala.